Wavulana Waliotumwa Jikoni Kwangu

Baba Tumaini,

Upepo wa Makambako unataka kuninyang'anya karatasi hii, nimeikandamiza kwa kikombe cha chai. Nimekaa nje ya nyumba ya kaka yangu, pale njia ya Njombe inapokutana na ile ya Iringa na Mbeya. Maandazi yameshaiva, mabasi bado hayajafika, nina nafasi ya kukuandikia. Nina wivu, Baba Tumaini. Ninao tangu siku ile nilipokwenda Njombe kusafisha kaburi lako, na hapa sina wa kumwambia. Kaka angesema niombe. Nimeomba. Wivu bado upo.

Kaburi lako ni zima. Nyasi zilikuwa zimeota upande wa miguu, nikazing'oa, nikayapanga mawe upya. Miti ya miwati ya jirani imerefuka, asubuhi inakutilia kivuli, na nikafikiri utasikia baridi. Halafu nikajicheka, nikalia kidogo, nikaondoka.

Nilitaka kupita ofisini tu, niwasalimu walimu, nirudi. Miguu ikanipeleka nyumbani. Naiita bado nyumbani, ingawa ni nyumba ya shule, na tulipomaliza matanga mwalimu mkuu, yule Mzungu, alikuja kofia mkononi kuniambia kwamba mwalimu mwingine anakuja na atahitaji pa kulala. Hakusema kwa ubaya. Nilizunguka nyuma, upande wa jikoni, kama nilivyozoea. Pale nje ya mlango wa jiko, kwenye gogo ulilolichonga ili wasikae chini, walikuwa wamekaa wavulana wamejipanga. Midomo yao ilikuwa inachezacheza kwa maneno wasiyotaka yawapotee. Nikajua mara moja wanafanya nini. Ndani nikasikia mmoja anasema, "Mama Mwalimu, nikueleze?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuitikia. Akaitikia mwingine.

Anaitwa Raheli, mke wa Mwalimu Natanaeli aliyechukua nafasi yako. Ni msichana tu, mwembamba, kitambaa chake cha kichwa kimepigwa pasi. Amesoma ualimu. Aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Kamwene, mama. Karibu, karibu ukae." Akanipa kigoda changu mwenyewe. Nikakaribishwa kama mgeni katika jiko ambalo moshi wake ndio uliopaka rangi dari ile. Kisha akawaambia wavulana waendelee, na yule aliyekuwa akieleza akamgeukia yeye, akanipa mimi mgongo. Hakuwa na adabu mbaya. Ni wa mwaka huu, hanijui.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, Baba Tumaini. Nyumba sikuililia sana. Jina ndilo lililoniuma, na mgongo wa mtoto yule.

Unakumbuka ilivyoanza desturi hii? Nadhani wewe ungesema ilianzia kwenye mkutano wa walimu, shule ilipopandishwa kuwa sekondari. Mimi nakumbuka ilianza kwa wewe kurudi nyumbani na kukataa kula. Uliwapa wavulana ukurasa wa somo lako la sayansi, unaohusu mbu na homa, wakausoma kwa sauti, kwa Kiingereza kizuri, bila kujikwaa. Kisha ukawauliza mtu afanye nini ili asiugue. Darasa zima likanyamaza. Ulikaa karibu na moto ukasema, "Hawasomi, Mama Tumaini. Wanatamka." Baadaye ukawaambia walimu wenzako kwamba kusoma si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake. Kwamba wa jiografia afundishe kusoma jiografia, na wa kilimo kilimo, na wa hesabu hesabu. Kila mmoja awasomeshe kipande, wafunge vitabu, wamwambie jirani kwa maneno yao, ndipo waandike.

Na Mwalimu Elia wa hesabu akasimama akakuuliza, "Mimi nikikaa kusomesha, hesabu atafundisha nani? Mkeo?"

Ulinisimulia hilo ukicheka. Mimi sikucheka. Lakini wewe ukalichukua kama alivyolisema, ukaanza kuwatuma wavulana kwangu. Uliwaambia: nendeni kwa Mama Mwalimu, yeye ameishia darasa la nne la misheni, Kiingereza hajui, na hayo mliyosoma hayajui. Mkimweleza akaelewa, mmesoma. Asipoelewa, rudini kwenye kitabu.

Nilikuwa na aibu mwanzoni. Nilifikiri umewatangazia ujinga wangu. Nikawa namenya viazi nikiwapa kisogo, ama nachambua maharage, wanasema na bega langu. Lakini walikuja tu, kila siku baada ya kazi ya bustani, wengine wakinukia udongo, na siku moja yule Luka, Mkinga wa kule Ipelele, akanieleza kwamba katika nchi ya Waingereza mwezi wa sita ni wa joto, na watoto wanaoga mtoni hadi jioni.

Nikageuka. "Mwezi wa sita? Huu ambao baridi ya sakitu imeunguza majani ya viazi vyangu?"

"Ndiyo, Mama Mwalimu."

"Umesoma vibaya. Rudi."

Akaenda, akarudi. "Kitabu kinasema hivyo hivyo."

"Basi kitabu kimekosea. Kamwambie mwalimu wako."

Aliporudi tena alikuwa ametoka kwa mwalimu wa jiografia, amekasirika, machozi yanamlenga. Akaomba boga langu la chakula cha jioni. Akachomeka kijiti juu yake, akaliinamisha, akaanza kuzunguka moto na boga mkononi, anaeleza, anachanganya Kiswahili na Kikinga, anajisahihisha, anarudi nyuma. Moto ndio jua. Upande huu sasa umeinamia moto, huu umeupa mgongo. Nikaona. Nakwambia niliona kwa macho, Baba Tumaini, sisi tukiwa gizani na baridi yetu na wale watoto mtoni. Boga lilikuwa limeungua upande mmoja, tukalila hivyo hivyo.

Usiku huo ulisema, "Darasa zima walisoma mstari ule, hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Umeshangaa wewe." Ukaendelea kula. Mimi nililiweka neno hilo, nikawa nalitoa peke yangu shambani.

Tangu hapo sikuwapa kisogo tena. Nilikaa. Walinieleza jinsi maji yanavyopanda katika mti, na kwa nini mto hupinda. Waliniletea hata tangi la Mwalimu Elia, lile lenye bomba moja la kuingiza maji na jingine la kutoa, mtu atafute litajaa lini. Mvulana alinieleza vizuri mpaka nikaliona. Nikamwuliza, "Na hilo bomba la kutoa, kwa nini wasilizibe?" Akaangua kicheko, akalipeleka swali darasani. Mwalimu Elia akakutumia ujumbe: "Mwambie Mama Mwalimu aache kuharibu hesabu zangu." Na bado hakuwa tayari kuwasomesha. Kila muhula ulimwomba, kila muhula akasema vipindi vyake havitoshi.

Haya yalikuwa mazuri. Sasa nikwambie upande wa pili, ambao nikiwa nawe sikuupatia maneno.

Uliporudi jioni hukuwa na sauti. Ulikuwa umeimalizia kwao. Ulikula, ukasahihisha, ukaniuliza kama kuni zipo, ukalala. Nilijua jinsi jani linavyokula mwanga, lakini nililijua kutoka kwa Luka. Nilijua kwa nini chuma hushika kutu, nikalijua kutoka kwa mtoto wa mtu mwingine, na ndani ya maneno yake niliwasikia ninyi wote wawili, yeye na wewe, hata ile namna yako ya kusema "hebu tuone" kabla ya jambo gumu. Wao walikupata ukiwa moto. Kwangu mimi uliletwa ndani ya vinywa vya wavulana, kama chakula kilichobebwa mbali. Niliwapenda, na niliwaonea wivu, siku ile ile, kwenye kigoda kile kile. Nilitaka siku moja uingie mwenyewe jikoni, ukae kwenye lile gogo, useme, nikueleze?

Basi fikiria nilivyokaa kule Njombe, kisogo cha mtoto kiko mbele yangu, na hata hicho chakula cha vinywani mwa wavulana sasa kinakwenda kwa Raheli.

Ngoja, kuna jingine, nalo litakuuma wewe. Mvulana wa tatu alikuwa ameleta hesabu. Nikamwuliza nani amemtuma. Akasema, "Mwalimu Elia." Nilifikiri nimesikia vibaya. Raheli akatabasamu, akasema Mwalimu Natanaeli alimwomba Mwalimu Elia siku za kwanza tu, naye akakubali hapo hapo. Siku hizi hakuna hesabu inayofanywa darasani kwake kabla wavulana hawajaieleza kwa maneno, bila namba. Anasema ndiyo njia. Anawaambia walimu wageni ndiyo njia.

Baba Tumaini, ulimwomba mtu yule mpaka ukapata mvi. Akaja kijana na suruali mpya akampata kwa mara moja. Nilitaka kwenda ofisini nimwulize Elia mbele ya wote: ulikuwa unangoja afe? Sikwenda. Nilikutana naye njiani nikitoka, akavua kofia, akasema, "Shemeji, kila nikilisomesha swali namwona amekaa nyuma ya darasa." Nikamwitikia salamu. Sijamsamehe, lakini nimekuletea alivyosema, kama yalivyo.

Sasa Raheli. Nataka nimseme vibaya na sipati pa kuanzia. Wavulana walipoondoka aliniandalia viazi, akakaa chini, mimi kwenye kigoda, akawa anazungushazungusha kikombe. Akasema, "Mama, mimi siwezi kazi hii." Nikamwambia naona anaiweza. Akasema hapana, wavulana wakifika nusu, yeye ameshajua mwisho, na kichwa kinaanza kuitikia chenyewe. Wakikosea, anawamalizia. Wanaondoka wamefurahi na hawajasoma kitu. Mumewe amemwona, amemwambia anaitikia mapema mno. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Ningeweza kumwambia. Ningemwambia asikubali neno ambalo mtoto amelileta zima zima kutoka kitabuni. Ningemwambia aombe aonyeshwe, kwa boga, kwa jiwe, kwa chochote kilichopo. Kwamba asiogope kimya, maana wakati wa kimya ndipo wanaposoma. Hayo yote nilikuwa nayo hapo mdomoni. Nikamwambia, "Sikuwa nafanya kitu, mwanangu. Nilikuwa sijui tu." Nikamaliza kiazi changu, nikaaga, nikapanda basi.

Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli ya kumfungia mtu mlango, na nilijua, na mpaka basi linateremka Makambako nilikuwa nimefurahi. Alikuwa na jiko langu, na gogo langu, na jina langu, na Elia. Kusikiliza kwangu, hilo asingelipata. Hapa wananiita Mama Tumaini, au mama wa maandazi. Ni majina mazuri. Si lile.

Sasa sikia la jana.

Shule imefungwa. Lori lilishusha hapa wavulana wanaongoja mabasi ya Iringa na ya Mbeya, na vijisanduku vyao, wamejikunyata kwa upepo. Walinijia kununua chai. Nikawahudumia, nikakaa mbali. Sikutaka kuwasikia wakimtaja. Mmoja akabaki amesimama. Mvulana wa Usangu, mrefu, jina lake Simoni. Akaniuliza kama mimi ndiye Mama Mwalimu.

Nikamwambia, "Mama Mwalimu yuko Njombe."

Akasema, "Yule ndiye aliyenituma. Amesema kwake nimepita, lakini yeye hajiamini. Amesema nisifike kwetu kabla sijapita kwako."

Wenzake wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Simoni, unatafuta mtihani hata kwenye chai!" Hakuwajali. Akakaa juu ya sanduku lake, akaanza kunieleza kwa nini radi huonekana kwanza, ngurumo ikafuata. Alianza kwa maneno ya kitabu. Nikamwambia hayo sijui. Akaanza tena. Nikamwambia bado. Basi la Mbeya likaja, kondakta akapiga kelele, wenzake wakapanda, mmoja akamvuta shati. Simoni akatazama basi, akanitazama mimi, akatazama kilima cha ng'ambo ambako mtu alikuwa anapasua kuni. Akaniambia, "Mtazame yule, mama. Tazama shoka, halafu sikiliza."

Nikatazama. Shoka lilishuka, likatua, likaanza kupanda tena, ndipo sauti ikatufikia. Nimeishi na wapasua kuni maisha yangu yote.

Nikamwambia, "Nimeelewa. Panda, utaachwa." Akakimbia, sanduku kichwani, wakamvuta kwa dirisha.

Nilikaa nikijaribu kumkasirikia Raheli, nikashindwa kidogo. Kunitumia mtoto si kitu kidogo. Lakini usifikiri wivu umekwisha. Ananitumia kwa sababu anao wa kunitumia. Mimi napokea kutoka mkononi mwake kilichokuwa changu. Imenichoma na imenifurahisha, na yote mawili yalikuwa hapo nilipokuwa nakusanya vikombe.

Nimeamua hivi. Kabla shule haijafunguliwa nitapanda basi niende Njombe, nikae na yule msichana jikoni, nimweleze. Nitamweleza yote ya boga, na kimya, na kuomba kuonyeshwa. Nitakaa naye wavulana watakapokuja, nimkanyage mguu kila atakapoitikia mapema. Aitwe Mama Mwalimu. Wavulana wanahitaji mtu wa kumwita hivyo, na mimi siko.

Ila kuna moja sitampa.

Ni lile juma la mwisho, katika hospitali ya misheni, pumzi yako ilipokuwa inakuja vipande vipande. Daktari alikueleza kwa Kiingereza ugonjwa uliomo kifuani mwako, akaondoka. Nikakuuliza amesemaje. Ukanitazama. Hakukuwa na mvulana wa kumtuma. Ukasogea ukutani ili nipate pa kukaa kitandani, ukasema, "Nikueleze?" Ukakunja mkono wangu ukawa ngumi, ukasema hili ni pafu, ukanifungua vidole, hivi ndivyo hewa inavyoingia, ukavibana, na huku kumejaa maji, haina pa kupita. Polepole, kwa ile sauti ndogo iliyobaki. "Hebu tuone," ukasema. Mbele ya jambo gumu, kwangu mimi.

Nikakwambia sijaelewa. Ukarudia. Nikasema bado, hapo kwenye maji sijapaona. Ukacheka kidogo, ukakohoa, ukaushika mkono wangu ukaanza upya. Nesi alikuja akataka unyamaze, ukamwambia, "Huyu mwanafunzi ni mgumu." Ulirudia mpaka taa ikaletwa.

Baba Tumaini, nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza.

Hilo ni langu. Luka hanalo, Elia hanalo, Raheli hatalisikia. Mabasi yanakuja, nayaona kwa vumbi. Lala vizuri. Nakuahidi msichana yule nitamfundisha kwa moyo mweupe, kadiri nitakavyoweza, na mwanetu Tumaini nikimwona anatamka tu nitamrudisha kwenye kitabu. Nyasi za upande wa miguu nitazing'oa tena nikija.

Mimi mkeo,
Mama Tumaini